Zimwi lenye gitaa: maleba ya jukwaani yasiyomzuia mpigaji

Taya_la_Chuma

Habari zenu wakuu. Bendi yetu inapiga metali (roki nzito) ya maigizo na kila mmoja ana mhusika wake. Mpiga gitaa ndiye zimwi: kichwa kikubwa chenye taya za chuma zinazofunguka, pembe mbili za sentimita 30, mabega ya magamba, kifua cha mifupa, glavu zenye kucha, na viatu vinavyomwinua sentimita 12. Michoro imekamilika na udongo wa kichwa umefinyangwa nusu. Kabla hatujamwaga lateksi (mpira wa maji) naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Mikono inanisumbua kuliko yote. Rifu zetu (vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) ni za haraka na karibu zote zinazimwa kwa kiganja. Glavu zitengenezweje? Kichwa nacho kiwe cha lateksi ya kumwaga au ya povu? Onyesho ni dakika 50, kwa hiyo kuna suala la kuona, kusikia na joto. Halafu zimwi lenyewe: hatujaamua kama linasema au ni bubu, wala jinsi linavyotembea.

---

Nyuzi_Saba

Mkuu, funika huo udongo kwa nailoni usubiri kwanza. Kosa la wengi ni kulijenga zimwi likiwa mikono mitupu, kisha kulivika gitaa mwishoni. Linatokea zimwi la kupigwa picha, si la kupiga muziki. Maleba ya mpiga gitaa hupimwa gitaa likiwa mwilini.

Mvalishe mpigaji fulana iliyochakaa, mzungushie kiwiliwili chote karatasi laini ya plastiki ya kufungia vyakula, halafu tabaka mbili za teipu ya kitambaa. Usikaze, apumue vizuri. Sasa avae gitaa lake, mkanda ukiwa kwenye urefu wa jukwaani, apige nyimbo zenu kwa dakika tano na kukaa mikao yote: shingo ya gitaa juu, shingo chini, akiinama, akigeuka. Wewe shika kalamu ya wino mzito uchore kila mahali gitaa linapogusa, mkono wa kuchapa (unaopiga nyuzi) unapopita na mkanda unapolalia. Ndani ya mistari hiyo, ukiacha kifua, hakuna kitu kinachozidi unene wa milimita 3. Nje yake jenga utakavyo. Ukimaliza, kata teipu mgongoni kwa mkasi butu. Hicho ndicho kipimo chako cha kukatia deraya.

Kifua cha mifupa ndicho chenye hatari kubwa hapo. Kikiwa na unene wa sentimita 8 kinasukuma gitaa sentimita 8 mbele, na kifundo cha mkono wa freti (unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa) kinalazimika kujikunja kupita kiasi. Mkono unachoka mapema na vidole vinapoteza kasi. Chonga kidaka kwenye kifua, mgongo wa gitaa uingie ndani yake sentimita 3 au 4, na ukitandike kitambaa laini ili gitaa lisichubuke. Ukitazama kutoka mbele kidaka hakionekani, gitaa lenyewe limekiziba.

Mkanda upite chini ya deraya ya bega, usilalie juu yake. Gitaa nyingi za umeme zina uzito wa kilo 3 hadi 4.5. Mkanda ukilalia sponji, sponji inabonyea kidogo kidogo na gitaa linashuka. Mpigaji anaanza na mkao mmoja na kumaliza na mwingine. Tumia mkanda wenye upana wa sentimita 8 hadi 10 uliolala moja kwa moja kwenye bega, kisha deraya iwe kama paa juu yake, imeshonewa utepe wa mpira upande wa shingo ili iinuke mkono unapoinuka. Ncha za mkanda zifungwe kwa vifungo vya skrubu, maana mpigaji hatauona mkanda ukichomoka.

Mikono sasa. Usitengeneze glavu nzima kwa mkono wowote.

Mkono wa freti: tengeneza ngozi ya mgongo wa kiganja tu. Upande wa ndani uwe mtupu kabisa, kwa sababu kidole gumba lazima kiteleze nyuma ya shingo ya gitaa, na lateksi haitelezi, inanata. Kila kidole kishikwe na vipete viwili vya utepe wa mpira, na ngozi iishie kwenye kiungo cha mwisho kabla ya kucha. Kucha za zimwi zikae mgongoni mwa kidole zikielekea juu kidogo, zisizidi sentimita 2 kupita ncha ya kidole halisi. Zikielekea chini zitagusa uzi wa jirani.

Mkono wa kuchapa: ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho uwe ngozi tupu, kuanzia kifundo hadi mzizi wa kidole. Ndio unaozima nyuzi, na milimita moja ya mpira hapo inageuza mlio wote. Kidole gumba na cha shahada visiwe na kucha, vinashika piki, kile kibati cha kupigia nyuzi. Kucha ndefu weka kwenye vidole vitatu vilivyobaki, na hapo unaweza kufika sentimita 5, kwa sharti kwamba kidole cha mwisho hakitegemezwi kwenye mwili wa gitaa wakati wa kupiga. Magamba ya sehemu ya mbele ya mkono yawe ya EVA (sponji ngumu ya mabapa) ya milimita 2, na ncha zake zielekee kwenye kiwiko. Zikielekea kwenye vidole zitanasa nyuzi.

Viatu vya sentimita 12 vyenye soli pana vitakanyaga pedali mbili za sauti ya gitaa kwa pamoja. Achanisha vitufe, angalau sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, au kusanya mabadiliko yote kwenye kibadilishi kimoja chenye vitufe vichache vikubwa. Vizuri zaidi, fundi aliye nyuma ya jukwaa ndiye abadilishe sauti.

---

Kalibu_na_Jasi

Nakubaliana na Nyuzi_Saba kuhusu kiwiliwili. Nizungumzie kichwa.

Lateksi ya kumwaga inatosha kwa kazi yako. Ya povu ni laini na inafuata uso vizuri, lakini inadai mizani, mashine ya kupiga povu na oveni isiyopikiwa chakula. Mchanganyiko wake wa kawaida ni gramu 150 za lateksi, 30 za kitoa povu, 15 za kiivishi na 14 za kigandishi, kisha kalibu inaokwa kwenye nyuzijoto 85 hivi kwa saa kadhaa. Kigandishi kinabadilika na joto na unyevu wa chumba. Ukikosea kidogo, povu linaganda ndani ya bakuli au linaporomoka kabla ya kuganda. Zaidi ya hayo povu linanyonya jasho kama sponji, na kichwa kinazidi kuwa kizito onyesho likiendelea.

Kwa lateksi ya kumwaga, kalibu iwe ya jasi. Jasi ya kawaida huchanganywa gramu 700 za maji kwa kilo 1 ya unga. Nyunyizia unga kwenye maji, si maji kwenye unga, uache uloane dakika mbili ndipo ukoroge taratibu bila kuingiza hewa. Gawa kalibu vipande viwili, mstari wa mgawanyiko upite nyuma ya masikio, na pembe zisiwemo, zitatengenezwa peke yake. Iache ikauke siku kadhaa mpaka isiwe baridi ukiigusa kwa shavu. Usipake mafuta wala nta ndani yake. Jasi ndiyo inayonyonya maji ya lateksi na kujenga ukuta. Ukiiziba vinyweleo, lateksi haishiki.

Paka tabaka la kwanza kwa brashi kwenye mikunjo yote ili mapovu ya hewa yasibaki kwenye pua na makunyanzi. Kisha jaza, acha dakika 30 hadi 60 kulingana na unene unaoutaka, mimina iliyobaki kwenye ndoo, na uache kalibu wazi ikauke usiku kucha au zaidi. Kabla ya kuchomoa, mwaga poda ndani na uendelee kuipaka kila unapobandua; lateksi mpya ikijigusa yenyewe inashikana na haiachani tena. Fanya kazi mahali penye hewa, amonia yake inachoma macho. Na mjaribu mpigaji kwa tone moja mkononi siku moja kabla. Mwenye mzio wa lateksi asivae kabisa, atengenezewe kwa EVA au silikoni.

Pembe zisiwe za lateksi nene wala za mbao. Chonga kwa povu gumu la polyurethane, funika kwa tabaka tatu za lateksi na karatasi ya shashi. Ukitumia povu jeupe la kufungashia mizigo usiliguse kwa gundi ya viatu, linayeyuka papo hapo. Uzito wa pembe usishikwe na ngozi ya kinyago. Chukua kofia ngumu ya ujenzi yenye utando wa ndani, ule wenye kirekebishi cha nyuma, ufunge pembe kwenye ganda lake kwa skrubu na nati, kisha ngozi ya zimwi ivalishwe juu ya ganda. Kichwa chote nakishauri kisizidi kilo 1.5. Mpigaji atatikisa kichwa kwa dakika 50, na kila gramu iliyo mbali na shingo inamlemea zaidi ya iliyo karibu. Zirudishe pembe nyuma kidogo zisiegemee mbele.

Taya za chuma zisiwe za chuma. EVA ya milimita 6, kingo zipigwe msasa, uso upashwe kwa mashine ya hewa ya moto hadi vinyweleo vifunge, kisha rangi ya mpira inayokunjika, nyeusi, halafu rangi ya fedha kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwenye kingo tu. Kwa gundi ya viatu paka pande zote mbili, subiri kama dakika kumi mpaka isishike kidole, ndipo ukutanishe. Wenye haraka hukutanisha ikiwa mbichi na kiungo kinafunguka kwenye joto la taa.

Ekseli ya taya iwe sawasawa na kiungo cha taya la mpigaji, mbele kidogo ya tundu la sikio. Ikiwa mbele zaidi au chini zaidi, taya la zimwi linasugua kidevu na halifunguki lote. Kidevu kikae ndani ya kikombe kidogo kilichounganishwa na taya la chini, na utepe wa mpira kila upande ulirudishe juu.

Rangi: usipake akriliki tupu kwenye lateksi, inapasuka siku ya kwanza. Changanya akriliki na gundi ya ngozi ya Pros-Aide, nusu kwa nusu, kisha poda juu maana inabaki na unato. Ukitia rangi ndani ya lateksi yenyewe kumbuka kwamba ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa na ikikauka inakuwa kahawia angavu, hivyo kila rangi itakolea kuliko ulivyoiona kwenye kikombe.

Tahadhari moja ya mwisho. Ukitaka nakala ya mikono ya mpigaji kwa ajili ya zile ngozi za mgongo wa kiganja, tumia aljineti (unga wa kuchukulia nakala unaoganda kama jeli), na uijaze jasi ndani ya saa moja kabla haijasinyaa. Asitumbukize mkono kwenye ndoo ya jasi kamwe. Jasi nyingi ikiganda inapanda joto kupita nyuzi 60 na mkono hautoki. Watu wamepoteza vidole kwa njia hiyo.

---

Taya_la_Chuma

Asanteni sana, kidaka cha kifua kisingenijia akilini. Nimesahau kusema kwamba tumepanga taa nyekundu za LED kwenye macho na feni ndogo mbili kichwani, na kwenye wimbo wa mwisho kuna damu ya kurusha. Gitaa lina vinasa sauti (pickup) vya koili moja. Kuna shida?

---

Waya_Mwekundu

Shida ipo, na itasikika hata kwa watazamaji wa nyuma. Vinasa vya koili moja hunasa kila mtikisiko wa umeme ulio karibu. Taa za LED zinazopunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa kwa kasi hutoa mlio mwembamba unaoingia kwenye kinasa, na amplifaya yenye upotoshaji mwingi inaukuza. Mota za feni ndogo zenye brashi hufanya vivyo hivyo. Dawa ni nne: tumia gitaa lenye vinasa vya koili mbili, washa LED kwa betri na kizuizi cha kawaida (rezista) bila kidhibiti cha mwanga, nunua feni zisizo na brashi, weka betri na nyaya mgongoni juu, upande wa shingo ya gitaa. Jaribu kabla ya kubandika chochote: amplifaya ikiwa kwenye sauti ya jukwaa, nyuzi zimezimwa kwa mkono, washa na uzime kimoja kimoja usikilize.

Feni moja ivute hewa kutoka kinywani, nyingine itoe kisogoni karibu na mzizi wa pembe. Zote mbili zikipuliza ndani hewa inagota, na miwani au wavu wa macho unaloa ukungu.

Kuona: macho ya zimwi yakiwa na taa, mpigaji hawezi kuona kupitia hapohapo, mwanga utamrudia. Mtobolee njia chini ya macho, kwenye kunyanzi la shavu, au kupitia kinywani, na uzibe kwa wavu mweusi kutoka ndani. Anachohitaji zaidi ni kuona chini kushoto, kwenye shingo ya gitaa, kama anapiga kwa mkono wa kulia. Hata hivyo pua na taya vitamficha nusu. Bandika alama zinazong'aa gizani ubavuni mwa shingo kwenye freti za 3, 5, 7, 9 na 12, na afanye mazoezi taa zikiwa zimezimwa.

Kusikia: monita za masikioni zivaliwe kabla ya kinyago, waya upite nyuma ya sikio, ubandikwe kwa teipu ya hospitali shingoni, na uachwe na ulegevu wa sentimita 10. Bila ulegevu huo, kichwa kinapogeuka kinachomoa sikio moja, na hawezi kulirudisha mpaka wimbo uishe.

Kirushio cha gitaa kisichotumia waya usikiweke kiunoni chini ya lateksi. Jasho litaingia, na mawimbi ya 2.4 GHz yanafyonzwa na maji, na mwili ni maji. Kifunge kwenye mkanda wa gitaa nyuma ya bega, ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki au kondomu isiyo na mafuta, antena ikiwa huru nje ya deraya.

Joto lichukulieni kwa uzito. Mtu akiwa ndani ya mpira jasho halivukizwi, kwa hiyo mwili haupoi hata akitokwa jasho kama maji. Ndani avae nguo nyembamba inayokausha haraka na kofia ya kitambaa, si pamba nzito. Pangeni nyimbo ili zimwi litoke jukwaani mara mbili au tatu kwa dakika mbili, na nyuma awepo mtu mwenye feni na maji yenye mrija mrefu. Kizunguzungu, kichefuchefu au kujibu maswali ovyo ni ishara ya kumvua kichwa papo hapo. Kisogo kifungwe kwa velkro, si zipu wala kamba, ili mtu mwingine aweze kukifungua kwa sekunde chache gizani. Kama kuna moto jukwaani, mahali pa zimwi pawekewe alama sakafuni mbali na mitambo. Lateksi na EVA zinawaka, na EVA iliyoyeyuka inagandamana na ngozi.

Damu isiwe ya sharubati ya sukari. Inanata kwenye nyuzi, inaingia kwenye vitasa vya sauti na kuvifanya vikwaruze. Tumia maji yaliyotiwa methylcellulose (unga wa kuyafanya mazito) na rangi ya chakula, na kwa wimbo huo mpe gitaa la akiba. Rangi ya chakula inatia doa kwenye lateksi isiyopakwa rangi, kwa hiyo maliza kupaka rangi kila mahali kwanza.

---

Pazia_Jeusi

Mmezungumzia mwili, nami nizungumzie mhusika, kwa sababu yapo ya mhusika yanayogusa udongo ambao bado haujakauka.

Uso wa zimwi haubadiliki. Linachoonyesha linaonyesha kwa kichwa kizima, mabega na gitaa. Ndiyo maana umbo la kivuli ndilo la kwanza. Pigeni picha ya udongo mkiwa na taa moja tu nyuma yake, muitazame mkiwa mbali. Kama taya hazitofautishiki na mabega, punguzeni mabega. Balsac, mhusika mpiga gitaa wa GWAR, bendi iliyoanza Richmond, Virginia, mwaka 1984, ana uso wa taya za mtego wa dubu, na mtu anamtambua kwa mstari wa nje peke yake. Kazi kama hiyo hailetwi na makunyanzi madogo.

Msipake zimwi lote jekundu kwa kuwa linatisha. Chini ya taa nyekundu rangi nyekundu na nyeupe huonekana karibu sawa na kila mchoro unapotea. Kijani cha matope, mfupa na nyeusi hubaki na tofauti chini ya taa nyingi. Ongezeni nuru kwenye kingo na giza kwenye mashimo kuliko inavyopendeza chumbani.

Kuhusu kusema: kwa taya hilo, bubu ni bora. Sauti inayotoka ndani ya kinyago haieleweki, na kipaza sauti mbele ya taya kinaficha kitu mlichokifanyia kazi kubwa kuliko vyote. Mwacheni mwimbaji aseme, zimwi lijibu kwa gitaa: mlio mmoja mrefu kwa ndiyo, nyuzi zilizozimwa kwa hapana. Mpeni ishara tatu tu za mwili, na kila moja aishikilie bila kutikisika kwa mapigo manne kamili. Ndani ya vazi zito harakati ndogo za haraka zinaonekana kama mtu anayejikuna. Mwendo utokane na viatu: sentimita 12 zinamlazimisha akunje magoti na kuweka soli nzima chini, basi huo ndio uwe mwendo wa zimwi.

Amueni pia mapema zimwi ni la nani. Ndani ya KISS, bendi ya roki ya Marekani, mpiga ngoma Eric Carr alipoingia mwaka 1980 alipewa sura yake, Mbweha, lakini baadaye mpiga gitaa Tommy Thayer alivaa sura ya Spaceman iliyokuwa ya mpiga gitaa wa awali, Ace Frehley, na mashabiki wamelibishania jambo hilo tangu hapo. GWAR walimstaafisha mhusika Flattus Maximus baada ya mpigaji aliyemvaa, Cory Smoot, kufariki Novemba 2011, na mwaka uliofuata akaja mhusika mpya, Pustulus Maximus, aliyetambulishwa kuwa binamu yake. Lordi, bendi ya Wafini walioshinda shindano la nyimbo la Eurovision mjini Athens mwaka 2006, humpa kila mwanachama mpya zimwi lake. Ghost, bendi ya Sweden, walienda njia nyingine kabisa, wapigaji wake wote ni mazimwi yasiyo na jina.

Uamuzi huo unabadilisha vipimo. Kama zimwi ni la bendi, ganda la kofia liwe na kirekebishi na kiungo cha taya kiwe na matundu matatu ya ekseli. Kama ni la mpigaji huyu, finyangeni kichwa moja kwa moja juu ya nakala ya uso wake, kinyago kikae kwa kubana na msihitaji sponji ya kujazia.

---

Kalibu_na_Jasi

Niongeze la utunzaji, maana hakuna aliyeligusa. Baada ya kila onyesho futa ndani kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, nyunyizia alkoholi ya asilimia 70, kausha kwa feni na si kwa drayeri ya moto, paka poda, kisha kivalishe kwenye kichwa cha sponji mahali penye giza. Kisikunjwe. Jua na mafuta ndivyo vinavyoua lateksi, kwa hiyo mpigaji asipake vaselini wala losheni ya mafuta usoni ili kinyago kiteleze. Lateksi ikiguswa na mafuta inavimba, inalainika, halafu inachanika kwenye tundu la jicho. Ufa ukitokea, zibeni kwa lateksi na kipande cha shashi kutoka ndani, siku hiyohiyo.

---

Taya_la_Chuma

Nimeelewa. Zimwi litakuwa la mpigaji wetu, bubu, na vinasa vya koili mbili. Jumamosi tunaanza na plastiki na teipu, gitaa likiwa mwilini. Swali moja limebaki: kidaka cha kifua nikikate kabla au baada ya kupasha EVA?

---

Nyuzi_Saba

Kabla. Kata EVA ya milimita 10, gundisha kidaka, ndipo upashe yote kwa pamoja na kulikandamizia gitaa lililofungwa taulo mpaka EVA ipoe. Ukikata baada ya kupasha kingo zinabaki wima na zitamchoma mbavuni kila akiinama.